Kuanika na Kuanua: Picha za Gizani Katika Handaki la Mengo

Wasomaji wa kijarida hiki wamezoea kukuta kurasa hizi zimejaa ngeli, viambishi na taarifa za mazoezi ya kufundisha. Makala haya yanahusu kamera. Hata hivyo, hatudhani kwamba tumetoka nje ya kazi ya idara. Tulichokusudia tangu mwanzo kilikuwa zoezi la Kiswahili, na kilichotupata njiani kilikuwa cha Kiswahili pia.

Wanafunzi wetu wa mwaka wa pili huandika insha ya maelezo ya utaratibu, yaani kueleza kazi fulani hatua kwa hatua ili asiyeijua aweze kuifanya. Kwa miaka mingi tumesahihisha insha za kuchoma matofali. Tunakiri kwamba tumechoka na matofali. Kwa hiyo mwanafunzi mmoja, ambaye mwisho wa juma hufanya kazi katika studio ya picha mjini Arua, alipouliza kama anaweza kueleza namna ya kupiga picha mahali pasipo na mwanga, tulimkubalia kabla hajamaliza sentensi. Wenzake wakataka waende wote wakajionee.

Swali likawa: giza la namna hiyo litapatikana wapi? Huku kwetu, kuanzia Ajia hadi Koboko, chini ya ardhi kuna visima na mashimo ya vyoo, basi. Miji mikubwa ndiyo yenye njia na vyumba vya chini. Paris ina mahandaki ya mifupa, ambako kuanzia mwaka 1786 walihamishiwa wafu kutoka makaburi yaliyojaa. Nairobi ina vyumba vya chini ya jengo la Nyayo House, walimoteswa wapinzani wa serikali katika miaka ya 1980, na ambavyo wananchi walifunguliwa waone mwaka 2003. (Mwalimu wa semantiki angeweza kukaa na jina la jengo hilo kipindi kizima.) Kampala ina handaki la Mengo. Tulichagua Mengo kwa sababu linaingilika kihalali, mgeni analipa kiingilio na kupewa kiongozi, na kwa sababu linatuhusu sisi watu wa West Nile zaidi ya wengi wanaolitembelea.

Handaki hilo limo ndani ya eneo la Lubiri, kasri la Kabaka. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la Uganda, kwa amri ya Milton Obote na likiongozwa na Idi Amin, lilishambulia kasri hilo. Kabaka Mutesa II alikimbia, akafia London mwaka 1969. Kasri likageuzwa kambi ya jeshi. Amin, ambaye kwa upande wa baba ni Mkakwa mwenye asili ya Koboko, alitwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971, na katika kipindi kile ambacho Waisraeli walikuwa bado marafiki zake, kabla hajawafukuza mwaka 1972, walimjengea humo ghala la silaha la zege chini ya ardhi. Ghala hilo likaja kuwa gereza. Viongozi wa wageni hueleza kwamba maji yaliachwa yajae kwenye ushoroba na kutiwa umeme, ili aliyefungwa katika vyumba vya ndani asithubutu kutoka.

Tulisafiri Januari 2025, walimu wawili na wanafunzi tisa. Barabara ya kutoka Arua ni takriban kilomita 500, nasi tulivuka Nile mara mbili, Pakwach na tena Karuma. Pale Karuma mwanafunzi mmoja alituonyesha upande liliko bwawa la umeme lililozinduliwa Septemba 2024, akasema mitambo yake yote imo chini ya ardhi, na mashimo ya kutolea maji yanakwenda kilomita nane chini ya miguu yetu. Huko hatukuwa na kibali cha kuingia. Tulilitaja tu, wakaandika neno "mtambo" kwenye madaftari.

Sasa tueleze kazi yenyewe.

Mtu anaposhuka katika handaki la Mengo hakutani na giza totoro mara moja. Mwanga wa mlangoni unamfuata kwenye mteremko, unapungua, unakuwa utusitusi, kisha unamwacha. Vyumba vimepangana kando ya ushoroba, na sakafu zake zimeinuliwa juu ya pale anaposimama mgeni. Macho ya binadamu yanazoea baada ya dakika kumi hivi, na yakishazoea yanaona kuta, lakini rangi hayazioni. Kamera haizoei. Yenyewe inahesabu tu mwanga ulioingia, ukiwa mdogo picha inakuwa nyeusi.

Wanafunzi walianza kama watu wengi wanavyoanza, kwa flashi. Matokeo: kipande cha ukuta wa karibu cheupe kama unga, na nyuma yake shimo jeusi. Sababu yake ni hesabu. Mwanga wa taa ndogo hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali, yaani ukuta ulio mita 4 kutoka kwenye taa unapata robo tu ya mwanga unaopatwa na ukuta ulio mita 2, na ule wa mita 8 unapata sehemu moja ya kumi na sita. Hakuna flashi ya mkononi inayoweza kusawazisha ushoroba mrefu. Mwanafunzi wa studio alikuwa amelijua hilo tangu Arua, lakini aliwaacha wenzake wakosee kwanza. Tulimpa alama ya ualimu papo hapo.

Njia nyingine ni kuiacha kamera ikusanye polepole mwanga uleule mdogo uliopo. Hapo panatakiwa vitu vitatu vikubaliane: upana wa tundu la lenzi, wepesi wa kamera kuhisi mwanga (kiwango kinachoandikwa ISO), na muda ambao pazia la ndani, wengine huliita shata, linabaki wazi. Kimoja kikipungua kwa nusu, kingine kiongezwe mara mbili. Wanafunzi wa lugha huogopa tarakimu, kwa hiyo tutaonyesha mfano wetu wenyewe bila kuruka hatua.

Tulipiga kwanza picha ya majaribio kwa ISO 6400, tundu namba 8, sekunde 4. Mwangaza ulikuwa wa kutosha, lakini picha ilijaa chengachenga kama televisheni isiyoshika mitambo. Ili chenga ziishe tulitaka kushuka hadi ISO 100. Kutoka 6400 kwenda 3200, 1600, 800, 400, 200, 100 ni nusu sita. Basi muda uongezwe mara mbili mara sita: sekunde 4, 8, 16, 32, 64, 128, 256. Sekunde 256 ni dakika 4 na sekunde 16. Huo ndio uzuri wa picha ya majaribio: inagharimu sekunde nne, nayo inakuambia dakika nne zitakuwaje. Kamera nyingi hufunga pazia zenyewe baada ya sekunde 30. Ukitaka zaidi unaweka kwenye herufi B na kuhesabu kwa saa.

Katika dakika nne hizo kamera isitikisike hata kidogo. Inasimama juu ya stendi ya miguu mitatu, na kidole kisiiguse: unatumia waya wa kufyatulia, au unaweka kisubirishi cha sekunde kumi ili mtikisiko wa mkono upoe. Kulenga nako kuna ujanja wake, kwa sababu kamera haiwezi kulenga kisichoonekana. Unamulika ukuta kwa tochi, unalenga, kisha unazima ulengaji wa kamera yenyewe, usiguse tena. Tulipoteza picha mbili kwa kulisahau hili, na ya tatu kwa kusahau kifuniko cha lenzi. Dakika nne za kusubiri na lenzi imefunikwa! Aliyefanya hivyo ni mmoja wa walimu, na hatutamtaja.

Filamu za zamani zilikuwa na ugumu wa ziada, kwani katika mwanga hafifu filamu ilikuwa inachoka, ikahitaji muda mrefu kuliko hesabu. Kamera za kidijitali hazichoki hivyo, ila kihisi chake hupata joto na joto huzaa chenga. Simu za siku hizi zinafanya njia ya mkato: katika hali ya usiku hupiga picha nyingi fupi na kuzipandanisha ziwe moja. Wanafunzi watano walitumia simu zilizoegemezwa kwenye matofali, na si kweli kwamba picha zao zilikuwa mbaya.

Linaloshangaza katika muda mrefu ni lile linalotoweka. Mtu mwenye nguo nyeusi akipita mbele ya lenzi katika dakika nne hizo bila taa, picha haimjui. Akipita na tochi, tochi inabaki kama mstari wa moto hewani na mwenyewe haonekani. Nadar, Mfaransa aliyepiga picha chini ya jiji la Paris mwanzoni mwa miaka ya 1860, alikutana na tatizo hili. Betri zake za umeme zilikuwa kubwa kiasi kwamba alibidi kuziacha barabarani na kushusha nyaya kwa matundu ya mashimo, na picha moja iliweza kuchukua dakika 18. Hakuna mfanyakazi aliyeweza kusimama dakika 18 asipumue kwa nguvu. Nadar akavalisha masanamu nguo za kazi, na ndiyo tunayoyaona hadi leo yakisukuma mifupa.

Hapa ndipo insha zilipokwama, na zilikwama kwenye neno moja. Kile kitendo cha kuacha lenzi wazi ili mwanga uingie kinaitwaje kwa Kiswahili? Katika rasimu walizoandika usiku kule hosteli, wanafunzi sita walichukua kitenzi cha Kiingereza na kukibandika ku- mbele. "Kupiga" hakukutosha. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, lakini kitenzi hiki kinabeba wazo la tendo la ghafla, nasi tulikuwa tumekaa kimya dakika nne bila kupiga chochote. Mmoja alipendekeza "kufichua". Neno zuri, lenye kauli ya kutendua ndani yake: ficha, fichua. Tulilijadili muda mrefu. Tatizo letu ni kwamba linaahidi mno. Kamera ilituonyesha ukuta, mikwaruzo na ukungu wa maji, lakini yaliyotendeka pale haikuyafichua, na msomaji asidanganywe kwamba iliyafichua.

Neno lilitoka kwa mwanafunzi wa Ajia ambaye mchana kutwa hakuwa amesema kitu. Alisema, "Mwalimu, si tunaanika tu?" Wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Januari huku kwetu ni mwezi wa muhogo. Kila anayepita anauona umetandazwa juu ya majabali na kando ya barabara, mweupe, ukingoja jua. Hakuna anayeupiga wala kuufichua. Unaanikwa, jua linafanya kazi yake kwa muda linaoutaka, na wingu likitokea kila aliye karibu anakimbia kuanua. Kihisi cha kamera nacho kinaanikwa kwenye mwanga. Pazia likifunguka tumeanika, likifungwa tumeanua. Ukianika muda mfupi, muhogo unabaki na maji na picha inabaki nyeusi. Ukizidisha, kila mpiga picha wa studio ya zamani atakuambia filamu imeungua.

Kisarufi jozi hii inafundishika vizuri. Wanafunzi wengi wanajua kauli ya kutendua kwa mifano ya choma na chomoa, tega na tegua, ambapo kiambishi kinaongezwa tu kwenye mzizi. Katika anika na anua, kile kipande -ik- kinaondoka na -u- inakaa mahali pake, sawasawa na funika na funua, tandika na tandua, ezeka na ezua. Vitenzi hivi vyote vinahusu kuweka kitu katika hali fulani ya kukaa, na tendua yake inakiondoa katika hali hiyo. Kwa nomino tulipata "mwaniko", wingi "mianiko", katika ngeli ya m-/mi-. Mwaniko mrefu, mwaniko mfupi, mwaniko uliozidi. Tunajua pia kwamba mitaani kumwanika mtu ni kumtoa hadharani na aibu zake. Hilo halikutukatisha tamaa, kwani mahali kama Mengo si vibaya neno likukumbushe kuwa waangalifu.

Tungeishia hapa kama siku ya pili isingekuwa na jambo lake.

Kazi ya picha gizani inafanywa na watu kadhaa, na hawaonani. Mmoja yuko kwenye kamera, wengine wamesimama mbali na tochi, kila mmoja na ukuta wake wa kumulika. Kwa hiyo wanaongozwa kwa sauti. Tulikuwa tumepanga kwamba maelekezo yote yatolewe kwa Kiswahili, kama sehemu ya zoezi, na mwanafunzi wa Koboko, kijana mwenye sauti kubwa, alipewa usimamizi. Handaki lina mwangwi. Akaanza: "Zima taa! Simama hapo! Usisogee! Wewe, ingia ndani! Kimya!"

Nyuma yetu, kwenye mteremko, alikuwa anashuka bibi mmoja na wajukuu zake wawili. Hatukumwona. Tulisikia tu mtoto akiita, na kiongozi wa wageni akikimbia. Tulipowasha tochi bibi alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, mikono kichwani. Ilichukua muda kumsimamisha. Alieleza kwa Kiganda, na mwanafunzi wetu mmoja anayekijua alitutafsiria, kwamba maneno hayo alikuwa ameyasikia mlangoni kwao, kwa mpangilio uleule, na baada ya hapo hawakumwona tena kaka yake. Hakuwa na hasira. Aliuliza tu sisi ni akina nani. Yule kijana wa Koboko alipiga magoti mbele yake kuomba radhi, na alipoulizwa anatoka wapi alitaja wilaya ya Masindi. Tulimsikia akidanganya na tukanyamaza.

Msomaji asiye Mganda huenda akahitaji maelezo. Kiswahili kiliingia Uganda kwa njia kadhaa, lakini njia iliyokumbukwa zaidi ni ya jeshi, tangu enzi za KAR. Agosti 1973 Amin alitangaza kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya taifa. Watu wengi wa kusini wenye umri wa kutosha hawakukijua kwa hadithi wala nyimbo, bali vizuizini barabarani, katika umbo moja tu la kitenzi: toa, fungua, lala chini. Utawala ulipobadilika umbo hilo halikubadilika. Katika miaka ya 1980, chini ya Obote, misako ya kukusanya watu Kampala ilikuja kuitwa kwa amri yenyewe, "panda gari". Na sisi wa West Nile hatukusalimika kwa kuwa tulikizungumza. Tarehe 24 Juni 1981 askari wa jeshi jipya waliua raia waliokuwa wamekimbilia misheni ya Ombaci, karibu na Arua. Jeshi hilo nalo lilitumia Kiswahili.

Tunawafundisha vijana hawa wawe walimu katika nchi hiyo. Katiba iliyorekebishwa mwaka 2005 imekifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Wazazi na mabibi wa wanafunzi watakaokaa mbele yao ni watu kama yule bibi. Nasi, tukifungua vitabu vyetu vya mwaka wa kwanza, somo la kitenzi linaanza na nini? Linaanza na amri: simama, kaa, njoo, funga mlango. Tunaanza hapo kwa sababu ni rahisi, mzizi na irabu ya mwisho, basi. Hatujawahi kujiuliza kwa masikio ya nani ni rahisi.

Jioni ile tuliirudia sarufi. Kiswahili kina mlango mwingine, dhamira tegemezi, ile yenye -e mwishoni. "Zima taa" inamweka msemaji juu na msikilizaji chini. "Mzime taa" inapunguza, ingawa bado ni agizo. "Tuzime taa" inamtia msemaji gizani pamoja na wenzake. "Naomba tuzime taa" inangoja jibu. Kisha kuna jambo ambalo wanafunzi hawakuwa wameligundua: ukanushi wa amri haupo kwa umbo lake wenyewe. Tunapokataza, "usisogee", tayari tumehamia kwenye dhamira tegemezi, hata sajini hana njia nyingine. Kwa hiyo umbo la upole peke yake halitoshi. "Usisogee" ya kijana wetu ilikuwa na -e na ilitisha vilevile. Mwanafunzi mmoja alisema kwamba tofauti haiko kwenye kitenzi bali kwenye kutaja jina la unayemwambia, kwa sababu askari alisema "wewe". Hatujaona kitabu cha sarufi kinachosema hivyo, na tunadhani ana hoja.

Siku ya tatu tulikwenda asubuhi mapema, tukamwomba kiongozi atuambie wageni wanapokaribia, na maelekezo yakawa hivi: kila mtu anaitwa kwa jina, anaambiwa linalokuja kabla halijaja, na mwaniko unahesabiwa kwa sauti ya chini ili asiyeona ajue muda uliobaki. "Jamani, tuzime. Tunaanika sasa. Imebaki dakika tatu. Imebaki moja. Tunaanua." Kazi ilikwenda vizuri zaidi, na hili si suala la adabu tu. Mtu anayejua muda uliobaki anatembeza tochi yake kwa utaratibu. Siku ya kwanza walikuwa wanaharakisha, wasijue amri ya mwisho itakuja lini.

Kuhusu tochi tuongeze machache, kwani ndipo ufundi ulipo. Tochi isitulie mahali pamoja, vinginevyo inaacha doa jeupe. Inatembezwa kama mtu anayepaka ukuta chokaa kwa brashi pana. Taa yenyewe isitazamane na lenzi. Na mwanga wa mbele unaua umbo: ukuta ukimulikwa kutoka upande wa kamera unaonekana kama karatasi, lakini ukimulikwa kutoka ubavuni, sambamba na ukuta, kila mkwaruzo unapata kivuli chake. Kwenye kuta za Mengo kuna maandishi ya mkaa na alama za viganja ambazo kiongozi huwaonyesha wageni. Chini ya mwanga wa ubavuni, mwaniko wa dakika mbili, kiganja kimoja kilionekana na mistari yake.

Wawili walitaka kupiga picha ya mzuka. Ni rahisi: mtu anasimama mbele ya lenzi nusu ya muda kisha anaondoka, na pichani anaonekana huku ukuta ukipenya ndani yake. Tuliwakatalia. Waliuliza kwa nini, kwani kitaalamu ni zoezi zuri, nasi tukawajibu wakalifanye bwenini. Kwa sababu hiyohiyo hatupendi picha tunazoziona siku hizi za mahali pa mateso zilizopakwa taa nyekundu na za buluu. Mwanga mweupe wa tochi unatosha.

Kwa wenzetu watakaotaka kulirudia zoezi hili: muombe kibali kabla, mkaeleze kwamba mtakaa muda mrefu kuliko watalii. Msiende msimu wa mvua. Kila mtu awe na tochi mbili, na mmoja abaki nje akijua majina ya walio ndani na saa ya kutoka. Mkisikia kichwa kinauma au uzito wa kifua, tokeni, hewa ya chini haitabiriki. Na mitaro ya maji ya mvua, kama Nakivubo pale Kampala, si mahali pa wanafunzi hata siku ya jua, kwa sababu mvua ikinyesha mtaa wa juu maji yanafika kwako kabla wingu halijafika.

Insha tisa zimesahihishwa. Sita zimetumia "mwaniko", tatu zimekataa na kuandika "muda wa kuacha lenzi wazi", maneno matano badala ya moja lakini hakuna atakayeuliza maana yake. Tumewapa alama sawa. Msomaji mwenye neno bora alilete ofisi ya idara, na akilileta na mfano wa sentensi tutashukuru zaidi. Picha nne zimebandikwa kwenye ubao ulio mlangoni mwa maktaba ndogo. Ile ya kiganja haimo. Kijana wa Koboko ndiye aliyeipiga, na ameomba ibaki kabatini mpaka yeye mwenyewe atakapomaliza kuandika maelezo ya chini yake. Ameshaleta rasimu mbili, moja kwa Kiswahili na moja kwa Kiganda, na zote mbili amezichukua tena.